Sahihisho kwa Herufi Zile Zile

Zamani neno halikuwafikia watu mpaka limepita mikononi mwa mtu aliyelisoma mara tatu, siku hizi uongo unarushwa kwa kidole gumba kabla chai haijapoa.

Mzee Risasi alikuwa mtu wa zamani hiyo. Kwa miaka thelathini na minne alisimama mbele ya kabati la herufi za madini ya risasi, akiziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume katika kiwanda cha chapa. Darasani aliishia la nne. Mengine yote aliyasoma kwa vidole: sheria, kilimo, vijitabu vya afya, chochote kilicholetwa kuchapwa. Kiwandani palikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Kosa lililotoka ukurasa wa kwanza lilisahihishwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule. Si pembeni, si kwa kunong'ona. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kanuni ikabaki kwake peke yake, pamoja na kasha moja la herufi na mtambo mdogo wa mkono wa kuchapia kadi.

Binti yake wa pekee alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Alipotimiza miaka thelathini na saba alianza kulowa jasho ghafla, uso ukimwiva kama aliyefokewa mbele za watu. Wenzake wakamtania, "Shoga, leo unajipiga pasi mwenyewe?" Naye akacheka. Katika chumba chenye pasi sita na bomba la mvuke, nani angeshuku joto la mtu mmoja? Mwaka mzima wakaisingizia kazi. Siku zake zilipokosekana miezi mitatu alidhani ni mimba, akafurahi, maana alikuwa na mtoto mmoja tu na mumewe alitaka wa pili. Mwezi wa kumi na nne ulipofika, hapakuwa na mimba wala hedhi.

Ndipo mama mkwe wake alipochukua simu. Alirekodi sauti yake akaitupa kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini na wawili: "Huyu alitoa mimba usichanani, akameza vidonge mpaka akakausha mayai yote. Mwanangu kauziwa kibuyu kitupu." Mume, mtunza ghala ambaye sigara moja iliwashia nyingine, aliweka chini ya ujumbe huo kidole gumba kilichoinuka. Kesho yake binti alirudi kwa baba yake na begi moja na mtoto.

Mzee aliisikiliza sauti ile mara tatu, kama alivyozoea kukagua kazi kabla ya kuchapwa.

"Baba, waache," binti alisema. "Maneno hayavunji mfupa."

"Ya mdomo hayavunji. Haya yamechapwa. Na yatafutwa pale pale yalipochapwa, nikiwa hai."

Kwanza akampeleka hospitali, maana huwezi kusahihisha usilolijua. Daktari, mwanamke wa makamo, alipima damu mara mbili, kwa nafasi ya wiki sita, kisha akamwita binti, naye akaomba baba yake aingie.

"Hedhi yako imekoma mapema. Unavuta sigara?"

"Sivuti. Mume wangu anavuta chumbani, na madirisha tunafunga kwa ajili ya mbu."

"Upasuaji?"

"Nilikuwa na uvimbe. Waliondoa kifuko cha mayai cha kushoto chote. Mume wangu ndiye aliyetia saini."

"Dawa za saratani? Mionzi? Ugonjwa wa tezi ya shingo?"

"Hapana."

"Vidonge vya kupanga uzazi?"

"Miaka miwili, baada ya mtoto. Na mimba sijawahi kutoa."

"Vidonge hivyo havikaushi mayai. Mama yako alikoma hedhi akiwa na umri gani?"

Binti akamgeukia baba yake. Mzee Risasi akaitazama kalenda ukutani kama mtu anayetafuta sikukuu.

"Thelathini na tisa," alisema mwishowe.

Daktari akaandika. "Hilo lina uzito mkubwa. Upasuaji nao huchangia, na moshi pia, hata wa mtu wa karibu. Ni lipi lililokata kamba, sitakudanganya, sijui. Sasa tulinde mifupa na moyo wako." Akamwandikia dawa na kumpangia siku ya kurudi.

Kesho yake asubuhi mzee alifungua kasha, akapanga sahihisho la kusomwa na mama mkwe, akamletea binti nakala ya kwanza.

Binti aliisoma hadi chini. "Umeruka mstari, Baba. Wa mama."

"Nikiuweka watasema ni ukoo wetu."

"Na si ni ukoo wetu? Unaficha kosa lako, halafu unadai lao."

Mzee alikaa kitako. Miaka mingi nyuma mkewe alimwambia habari ile jioni moja, kwa aibu, na yeye, msomi wa vidole, akamjibu kwamba amezeeka kabla ya nyumba. Akamhamishia godoro stoo. Akawaambia ndugu zake kuwa mwanamke kachezewa na wachawi. Mkewe alifia stoo, na hakuna aliyesahihisha.

Akabomoa ukurasa, akaupanga upya. Mstari ule, pamoja na ungamo lake mwenyewe chini ya jina lake, aliupa herufi za ukubwa ule ule. Akachapa nakala sitini na mbili.

Jumapili ukoo ulipokutana sebuleni kwa mama mkwe, mzee aliingia na kugawa karatasi mkononi kwa kila mtu. Ya mwisho akampa mwenye nyumba.

"Isome, mkwe. Kwenye simu, ulikosemea."

"Mambo haya hayasemwi hadharani."

"Ulipoyasema wewe yalisemwa chooni?"

Mtu akakohoa kicheko. Mama mkwe akaipitisha karatasi machoni, akapata pa kushika. "Hapa umeandika mwenyewe kuwa hata mama yake alikuwa hivi. Basi ni nyinyi."

"Ni sisi. Nami nilimtenda mke wangu kama mlivyomtenda mwanangu, nimekiri humo. Saini ya kisu ni ya mwanao, moshi ni wa mwanao, uongo ni wako. Soma."

"Soma, wifi," shangazi wa mume alisema toka kwenye kochi. "Tulikusikia ukiusema, tukusikie ukiufuta."

Akasoma. Alipofika kwenye neno "nilisingizia" alitaka kuliruka, mzee akanyoosha kidole juu ya neno mpaka likatoka. Mzee alisimama pale mpaka ujumbe ulipotumwa. Utamu wa saa ile hakuwahi kuupata hata siku ya mshahara.

Mume alimfuata mzee hadi kizingitini. "Baba, mwambie arudi."

"Jumatatu atarudi kazini. Kwako, hapana."

Alipofika nje mzee akageuka mara moja tu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Simu za sebuleni zilikuwa zikilia moja baada ya nyingine, kila moja ikitoa sauti ya mama mkwe, naye ameketi katikati na mikono masikioni. Mwanawe alikuwa amerudi ndani, ameibonyeza sigara kwenye kisahani, anahangaika na komeo la dirisha lililoshika kutu kwa kutofunguliwa.