Nilisingizia Mila Ili Nisioshe Sufuria

Makosa ni yangu. Nimetafuta zaidi ya mwaka mzima mtu mwingine wa kulaumu na nimemkosa. Kwa hivyo leo natapika yote, na jina langu nalificha kwa sababu aibu yenyewe bado mbichi.

Mimi ni kijana wa pande za Kanyakine, Meru. Kwetu kuna ng'ombe watatu na mama mmoja mwenye nguvu kuwashinda wote watatu. Mama na wanawake wenzake wana chama cha wafugaji. Mvua ikinyesha vizuri maziwa hufurika, mnunuzi anayakataa, na mama zetu wanayamwaga kwenye napia, yale majani ya ng'ombe, huku wakisonya. Ndipo wakapata wazo la kutengeneza jibini. Nani atawafundisha? "Si mwanangu anasomea mambo ya maziwa!" akasema mama.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi, pamoja na miezi sita ya kujifunza kazi kwenye kiwanda cha jibini, safari haikuwa yangu peke yangu. Wale akina mama waliniombea, wakanichinjia kuku, na hata wakanunua sufuria kubwa ya chuma kabla sijapanda ndege. Ikawekwa stoo, ikafunikwa leso, ikaningoja.

Siku ya kuagwa, baba mdogo Mwirigi alinivuta kando. Huyu ni ndugu wa marehemu baba, na ndiye aliyenisimamia nilipotahiriwa baada ya darasa la nane.

"Wewe ni nthaka," akaniambia, yaani mwanaume aliyepita kisu. "Usiende kwa wazungu ukageuzwa msichana wa jikoni. Umesikia?"

Nilisikia, tena vizuri mno! Ukweli ni kwamba kabla ya kutahiriwa, mimi ndiye niliyeosha mitungi ya maziwa ya mama kila asubuhi. Baada ya kisu, sikuosha tena hata kikombe changu cha chai. Dada yangu Gatwiri alirithi mitungi, mimi nikarithi kiti cha sebuleni. Mila tamu hiyo, jameni!

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, watu tisa tu. Mwenyewe ni mama wa miaka sitini na kitu, nitamwita Bi. Anneke, mwenye mikono mipana kama ya mkata kuni. Mkenya mwingine alikuwa Njeru, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kianjokoma, Embu. Mtu wa mizaha, lakini kazini hachezi.

Kwenye ukuta wa chumba cha chai kulikuwa na orodha ya majina. Kila wiki mtu mmoja anaosha vikombe vya wote na kufagia. Nikatazama juu kabisa, nikaona jina la Bi. Anneke. Nikatazama chini, nikaona langu. Lo! Mimi? Nthaka mzima, nioshe vikombe vya wasichana?

Ningeweza kuosha tu, ni dakika kumi. Lakini mjinga akiamua kuwa mjinga hapungukiwi na maneno. Nilikwenda ofisini, nikavaa uso wa msiba, nikamwambia Bi. Anneke kwamba kwetu mwanaume aliyetahiriwa ni mwiko kugusa chombo kichafu. Akigusa, nikasema, wazee wanamtoza mbuzi dume, na ukoo wote unapata laana.

Mbuzi nilimwongeza papo hapo. Laana ilikuja yenyewe.

Nilidhani atanicheka. Kumbe masikini yule mama aliona haya! Alisimama, akaniomba msamaha kwa kutojua mila zetu, akafuta jina langu kwenye orodha kwa mkono wake. Wiki yangu akaichukua yeye. Nilikaa pale nikinywa chai, nikimtazama mwenye kiwanda akiosha kikombe changu, na moyoni najipongeza. Shetani ananiona, anajifunza.

Jioni hiyo Njeru alinishika bega. "Bosi, hiyo stori ya mbuzi umeitoa wapi? Babu yangu huosha sufuria yake ya uji mwenyewe, na bado anatembea."

"Wewe nyamaza tu," nikamwambia. "Na wakikuuliza, utasemaje?"

"Washaniuliza. Nimewaambia sisi Waembu tulishasamehewa."

Tulicheka mpaka tukakohoa. Sikujua kwamba kicheko hicho ndicho kitakuwa faida yangu yote ya Ulaya.

Kwa maana sikia sasa. Bi. Anneke ni mtu wa heshima, na akiheshimu anaheshimu mpaka mwisho. Kesho yake aliniondoa kwenye chumba cha kutengenezea jibini, ambako mwezi wa kwanza tulikuwa tukitazama tu. Kwa nini? Kwa sababu mle ndani kila kitu ni chombo! Jibini ni sufuria, ndoo, vitambaa, kalibu za kulipa umbo, na vyote vinaoshwa kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada ya kazi. Yeye hakutaka nilaaniwe. Akanipa meza safi karibu na dirisha, na kazi ya kubandika karatasi za majina kwenye jibini lililokwisha kutengenezwa na wengine.

Miezi mitano nilibandika karatasi. Miezi mitano! Mwanafunzi wa sayansi ya maziwa!

Njeru naye kila asubuhi alikuwa ameinama ndani ya sufuria na Bi. Anneke, wanasugua. Huko ndiko mama yule alikofundishia. Akisugua anaeleza: maziwa haya yanataka joto hili, harufu hii ni dalili ya ugonjwa ule, jibini likifanya hivi, wewe ulifanyie vile. Jioni Njeru ananiambia, "Leo amenionyesha kunusa sufuria ujue kama imetakata." Nami namcheka. Kunusa sufuria! Mwanaume na ndevu zake!

Ningeweza kurudi ofisini niseme nilidanganya. Niliufikia mlango mara mbili. Mara zote mbili nikakumbuka alivyoniomba msamaha, nikashindwa.

Miezi sita ilipoisha, Bi. Anneke alikuwa na nafasi moja ya mtu kubaki mwaka mzima afundishwe mpaka aive. Akamchukua Njeru. Kisha akaniita, akanishika mkono, akasema kwa huruma kabisa: "Wewe ndiye mwenye kichwa chepesi kuliko wote. Ningekuchagua wewe. Lakini singependa ukoo wenu uteseke kwa ajili ya jibini langu."

Hakuwa ananidhihaki. Afadhali angenidhihaki!

Nikarudi nyumbani na cheti kizuri chenye muhuri. Akina mama wakafunua ile sufuria. Wakaleta maziwa, kila mmoja mtungi wake, na wengine walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Nikavaa koti jeupe, nikakoroga, nikapima, nikasema maneno ya Kiingereza. Lakini sufuria sikuiosha. Nilimwachia msichana wa jirani aisuuze, na sikuinusa, kwa sababu sikujua inatakiwa kunuka nini.

Siku ya tatu jibini lote lilikuwa limefura kama mandazi, na harufu yake iliwafukuza hata mbwa. Akina mama walisimama wakilitazama. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mama akalirudisha lote kwenye ile sufuria, akaiinua peke yake, akaenda kulimwaga kwenye napia. Pale pale anapomwaga miaka yote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu. La pili ni hili, na ndilo linaloninyima usingizi. Mama aliponiuliza kimetokea nini, nilimjibu, "Wazungu walininyima siri, mama. Walinipa kazi ya kubandika karatasi tu." Na si uongo, kweli nilibandika! Mama akalia. Akaniambia, "Pole mwanangu, ni rangi yako waliyoichukia."

Tangu siku hiyo, kila ibada ya akina mama ikifanyika kwetu, mama anamwombea Bi. Anneke kwa jina. Anamwomba Mungu aulainishe moyo wa yule mama mzungu mbaguzi. Mama yule aliyeosha kikombe changu! Nami nakaa kwenye kiti changu cha sebuleni, naitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Halafu Njeru akarudi. Sasa anatengeneza jibini Kianjokoma, na mwezi uliopita mama aliliona dukani Meru mjini, limebandikwa karatasi yenye jina lake na la kiwanda kile kile alikofundishwa. Akalinunua, akaonja, akaniuliza polepole: "Huyu Mwembu ni mweusi kama wewe. Yeye walimfundishaje?"

Nikajifanya nimepigiwa simu.

Njeru ameniambia niende nikae kwake wiki chache anifundishe. Ana sharti moja tu. "Ukija, unaanzia kwa kuosha. Na ile mbuzi dume ya wazee uje nayo, tuichome."

Ninyi mnaofunga mabegi kwenda ng'ambo, nisikilizeni. Mtapewa heshima kubwa sana huko mkiiomba, na itawanyima kila kitu mlichokifuata. Ukiona orodha ukutani, chukua sabuni! Na wewe baba mdogo, mila uliyonipa niliikuza kuliko ulivyonikabidhi, lakini wiki ijayo usinitafute sebuleni, nitakuwa kwa Njeru.

Najua mama husomewa ukurasa huu wa gazeti na Gatwiri kila Jumamosi akija kututembelea. Jina nimelificha, lakini mama utanijua kwa sufuria. Gatwiri, nakuomba, ukifika hapa usiruke. Bi. Anneke hakuninyima kitu. Nilikataa mwenyewe.

Na mama, mitungi ya asubuhi usiiguse. Iache hapo nje. Naja kuiosha.