Ukuta wa Ng'ombe

Mpaka leo nikipita barabara ya Kinsevere nikaona ukuta mrefu, damu inanichemka. Hapa Lubumbashi mtu akipata kiwanja, kitu cha kwanza ni ukuta, na juu yake vipande vya chupa. Nyumba itafuata Mungu akipenda. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, yeye aliwajengea ukuta ng'ombe.

Lilikuwa zizi la kunenepesha. Madume waliletwa kutoka kaskazini wamekonda, wakafungiwa na kulishwa pumba na mahindi mpaka wawe tayari kwa wachinjaji. Watatu kati yao walikuwa wa mama. Baba, mtu wa reli, alipokufa ndugu zake walichukua nyumba, wakamwachia mama ng'ombe hao tu. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Zamani uzio ulikuwa wa miti na upepo ulipita. Ukaja mwezi wa kumi, joto lenyewe, na mjomba akapandisha matofali pande zote nne kuzidi kichwa cha mtu, akaweka geti la chuma, akaezeka bati chini sana. Akaalika watu waje kushangaa.

Mimi nilisoma mifugo pale chuo kikuu cha Kasapa, basi nikaenda alfajiri kuwaangalia. Ng'ombe kuhema mchana wa jua si ajabu. Hawa walikuwa wanahema jua halijatoka, mbavu zinakwenda kama cherehani. Maana yake usiku haukuwapoza, na wanaianza siku wakiwa bado na joto la jana. Dume mweusi wa mama, mnene kuliko wote, alikuwa amesimama mdomo wazi, ulimi nje, mate yanadondoka.

"Mujomba, tutobole ukuta huku upepo inatokea," nilimwambia. "Na chakula ya midi, ya saa sita, tubapatie magaribi. Ngombe akishiba, tumbo inamuongezea joto."

Alicheka. "Docteur wa Kasapa! Bezi banapitaka kwa tundu. Joto haiko mwizi."

"Joto itaiba mbele bezi bafike."

"Mutoto mwanamuke atanifundisha ngombe?"

Tulilelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtoto hakutungiwa methali, na ninaamini ni kwa sababu methali walizitunga wakuu wenyewe. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, nikaomba kwa upole mpaka upole wenyewe ukaniishia. Alikubali kuongeza maji, basi. Maji yenyewe yalichemka chini ya bati lile.

Siku moja mawingu yakafunga, mvua ikakataa, hata jani halikutikisika. Alasiri dume mweusi akaanguka kando ya maji. Nilimmwagia ndoo juu ya ndoo, nikilia kwa hasira. Alikufa macho yakinitazama.

Mama alifika na kitenge cha nyumbani, akapiga magoti, akamshika sikio. Mjomba akamwinamia kwa sauti ya msibani.

"Ni bilozi, dada, ni bachawi. Bamerusha dawa juu ya ukuta, sababu ya wivu. Fundi ataongeza matofali leo leo."

Fundi alikuwa pale pale, anachanganya udongo, nyundo iko chini. Niliokota nyundo nikaupiga ukuta, nikaupiga tena, mpaka tofali likaanguka upande wa pili, na la pili, na la tatu. Mjomba alinifokea kwamba nimelaaniwa, kwamba namvunjia heshima mbele ya fundi. Tundu likafunguka. Upepo ulikuwa kidogo sana, lakini dume mwekundu wa mama aliusikia. Alijikokota akasukuma pua yake kwenye tundu, akabaki hapo, mbavu zinakwenda.

"Dada, ona mutoto yako!" mjomba alisema. "Mukataze!"

Mama alimtazama yule mwekundu kwa muda. Hakuwa amewahi kumkatalia kaka yake kitu tangu utoto wake. Akainuka, akajipangusa magoti, akaniambia:

"Tobola na huku."