Semina Isiyokuwa ya Ushirikina

Ilianza Jumapili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Nina hakika na saa kwa sababu mzee aliyekaa mbele yangu kanisani huvaa saa yake juu ya mkono wa koti, asipate shida ya kufunua mkono kwenye baridi ya Juni, na mimi wakati wa matangazo huitazama hiyo saa ili nisitazamane na mtu. Nina aibu. Nikiitwa jina darasani masikio hupata moto kwanza, ndipo nakumbuka kwamba jina ni langu.

Katekista alisimama na vikaratasi vyake. Alitangaza zamu ya kufagia, ndoa mbili na mbuzi aliyepotea, kisha akachukua kikaratasi cha mama. Alikitazama, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. Halafu akasema, kwa sauti ileile anayosomea Zaburi:

"Walimu wetu wamo katika semina ya mbinu za ushirikina. Wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza mnaombwa kuwaleta Kituo cha Walimu kesho saa tatu asubuhi, wakafanyiwe majaribio."

Kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia bati linavyolia kwa upepo. Sehemu nyingine za nchi labda watu wangecheka. Sisi ni wa Sumbawanga. Ukisema unatoka huku, mtu wa mbali anakuuliza kwanza kama ni kweli mnatuma radi, ndipo anakuuliza habari za nyumbani. Kwetu neno hilo halina utani, na leo lilikuwa limetoka madhabahuni likiwa na saa na mahali pa kukutania. Mama, aliyekuwa ubavuni mwangu, alibaki ameshika rozari kama mtu aliyeshika waya wa umeme.

Kikaratasi hakikusema hivyo. Kilisema mbinu shirikishi, na somo la majaribio. Nilimwona mama akikiandika Jumamosi jioni.

Mama anafundisha darasa la kwanza kwa leseni. Leseni ni karatasi inayosema kwamba mtu huyu hakupita chuo cha ualimu kama wenzake, lakini anaruhusiwa kufundisha mpaka wakubwa watakapobadili mawazo. Zamani kuihuisha ilikuwa rahisi: mwalimu mkuu anaandika kwamba bado uko hai na unafika kazini. Siku hizi wamekuja wafadhili, na wafadhili hawaridhiki na kuwa hai. Wanataka saa za semina. Usipotimiza saa, leseni haihuishwi, na bila leseni mama angerudi kulima na baba. Baba mwenyewe analima vizuri, ila tangu biashara iwe huria mahindi yake nayo yamekuwa huru: huru kukaa ghalani mpaka anunue anayetaka kwa bei anayotaka. Mshahara wa mama ndio unaonisomesha. Nyumbani hakuna asiyejua hilo, na hakuna anayelisema wakati wa kula.

Mwezeshaji wa semina alikuja na gari jeupe la mradi kutoka Dar es Salaam, pamoja na karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu nene za rangi na makreti ya soda. Yeye haitwi mwalimu, anaitwa mwezeshaji, na walimu wanaitwa washiriki. Siku ya kwanza aliwaeleza kwamba kosa la mwalimu wa zamani ni kuongea peke yake. Aliwaeleza hivyo tangu asubuhi hadi chai, na baada ya chai akaendelea. Washiriki wakapiga makofi ya mvua, yale ya kuanza na kidole kimoja kisha viwili mpaka mvua inyeshe. Mwalimu mmoja wa Milepa aliomba wasipige hiyo mvua mara kwa mara, kwao ulezi ulikuwa bado umeanikwa.

Siku ya pili walikatazwa kusema matatizo. Sasa kuna changamoto. Mama alirudi nyumbani akamwambia baba kwamba chumvi imekuwa changamoto. Baba akauliza kama ndiyo ile yenye madini joto.

Sharti la mwisho lilikuwa hili: kila mshiriki afundishe somo moja kwa mbinu shirikishi mbele ya mwezeshaji, na wanafunzi wawe halisi. Bila somo hilo, saa zote alizokaa zinakuwa bure. Shule zilikuwa likizo, na kwa vile mama anakaa karibu na Kituo cha Walimu, wakamkabidhi kazi ya kuwapata watoto. Ndiyo maana ya kikaratasi.

Basi baada ya misa tulimfuata katekista nyuma ya kanisa. Alikuwa anakunja kanzu yake, mtu mwenye amani.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," alisema. "Nimekusahihishia tangazo lako. Mlikuwa mmekosea neno."

"Nilikosea neno gani, katekista?"

"Shirikishi. Nimesoma vitabu vyote vya ibada, hilo neno sijalikuta. Nikaona mkono umeteleza."

"Kwa hiyo ukaweka ushirikina."

"Ushirikina upo. Tunaukemea kila Kwaresima."

Mama alimuuliza ni semina gani ya serikali inaweza kufundisha ushirikina. Katekista alimjibu kwa upole kwamba siku hizi serikali ina semina ya kila kitu: ya nyuki, ya vyoo, ya uzazi wa mpango. Yeye alidhani wameamua kuusoma kwanza ili waukomeshe, na alikuwa amefurahi. Alipoelewa, aliona aibu kabisa, akaahidi kurekebisha katika misa ya pili. Tukabaki kusikiliza dirishani. Alirekebisha kwa nguvu zake zote.

"Katika misa ya kwanza lilitolewa tangazo lenye kosa," alisema. "Semina ya walimu si ya ushirikina. Narudia, si ya ushirikina. Asije mtu akawaambia kwamba ni ya ushirikina."

Watu wa misa ya pili walikuwa hawajasikia lolote mpaka hapo. Sasa wote wakawa wamesikia, na kwa kurudiwa. Mama alisema maneno mafupi ya Kifipa ambayo sitayaandika, kwa kuwa tulikuwa bado kwenye uwanja wa kanisa.

Mchana ule alipita nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake. Hakuna aliyemkatalia. Watu wa kwetu hawakatai, wanaugua. Kabla hatujafika kona ya kwanza mtaa mzima ulikuwa umeingiliwa na mafua. Mtoto mmoja alikuwa juu ya mti wa mpea akiimba huku mama yake anatueleza jinsi alivyolala kitandani tangu juzi. Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mama alimfundisha kifungua mimba wake kusoma, alitoka nje na kufunga mlango nyuma yake.

"Mimi sina neno, mwalimu," alisema. "Wewe ni mtu mzuri. Ila hayo majaribio, ukayajaribie kwanza huko kwa wengine."

Usiku mama hakula. Alikaa akipanga visoda, vifuniko vya chupa alivyookota kwenye semina, vya kuhesabia, kumi kumi. Baba akamwambia anaweza kurudi shamba, jembe halina leseni. Alimaanisha kumfariji. Mama alimwangalia, akaendelea kupanga.

Jumatatu alfajiri alinirushia sketi ya bluu ya shule ya msingi.

"Vaa."

"Mimi niko kidato cha pili, mama."

"Leo unakariri darasa. Umerudi la kwanza."

Sketi ilinifika mahali ambapo katekista asingepapenda. Nilitembea mpaka Kituo cha Walimu nimeivuta kwa mikono miwili, nikiomba tusikutane na mtu wa shule yangu. Tulikutana na wavulana wawili wa kidato cha tatu. Mmoja alisema, "Mambo, dogo?" Niliongeza mwendo. Nilikuwa naomba ardhi ifunguke, lakini ardhi ya Juni huku ni ngumu sana.

Chumbani kulikuwa na madawati, walimu, na hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mwezeshaji alikuwa anakula andazi. Alinitazama kuanzia juu hadi kwenye sketi.

"Huyu ni darasa la kwanza?"

Mama akaanza kupanga visoda mezani. Aliyemwokoa ni mwalimu wa Kirando, ambaye tangu apande huku kutoka ziwani alikuwa anavaa masweta mawili na hajapata joto. "Huku kwetu wanachelewa kuanza, mwezeshaji," alisema. "Wanachunga kwanza."

"Na wenzake wako wapi?"

Walimu wakaanza kutazama kalamu zao. Mwalimu wa Kirando, kwa kuwa alishaanza, akamalizia. Alimweleza kwamba wazazi wana wasiwasi kidogo, jana imetangazwa kanisani kwamba mwezeshaji amekuja kufundisha ushirikina, na baadaye ikatangazwa kwamba hakuja kufundisha ushirikina, na ile ya pili ndiyo iliyowatia hofu zaidi.

Mwezeshaji aliacha kutafuna. Aliliangalia andazi, akaliangalia birika, akamwangalia mama mpishi aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. Andazi akaliweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Tangu hapo hakugusa chai. Alisema tuanze mara moja, maana ana safari ndefu.

Mama alianza. Ukweli ni kwamba alianza vizuri. Alinipa visoda nikavihesabu kimoyomoyo. Mwezeshaji akakatiza.

"Mshiriki, sioni makundi. Mbinu shirikishi ni makundi. Mgawe."

"Nimgawe nani?"

"Darasa."

Mama alinitazama. Nilimtazama. Akaniambia nikae dawati la kushoto, kundi la kwanza, na nihesabu visoda vyekundu. Nikahesabu. Kisha akaniambia nihamie dawati la kulia, kundi la pili, nihesabu vya kijani. Nikahamia nimeshika sketi. Mwezeshaji akauliza kila kundi limemchagua nani kuwa katibu na nani msemaji. Kundi la kwanza lilinichagua mimi kwa nafasi zote mbili. Kundi la pili vilevile. Mwalimu wa Milepa akanong'ona kwamba tangu vyama vingi viingie hajaona uchaguzi uliokwenda kwa amani kama huu.

Kisha likaja la kuniua.

"Makundi yamekaa vizuri," mwezeshaji alisema, "lakini ninachokiona ni mwalimu anaelekeza na mwanafunzi anatii. Hiyo si shirikishi. Mwanafunzi lazima aanzishe jambo mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuulizwa. Nisipoliona hilo saa zake siwezi kuzipitisha. Tusubiri."

Wakasubiri. Walimu wote wakanigeukia. Masikio yangu yakawaka. Mama alisimama mbele na chaki mkononi. Hakunikonyeza, hakunisihi. Alinitazama tu kama nilivyomwona akiwatazama watoto wa darasa lake siku ya kwanza, wale wanaolia mlangoni, na nilielewa kwamba akitoka hapa bila muhuri hatakuwa na watoto wa kutazama hivyo tena. Nilitafuta la kusema. Nilitafuta kweli. Kichwani hapakuwa na kisoda hata kimoja.

Lakini tangu saa moja asubuhi nilikuwa nimebanwa, kwa baridi na kwa woga, na sasa mwili wenyewe ukaona uniamulie.

Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu," nikasema, "naomba nikajisaidie."

Mwezeshaji alisimama. "Mmeona?" aliwauliza. "Mmeona, washiriki? Mwanafunzi ametambua hitaji lake. Amelieleza mwenyewe. Hakuulizwa na mtu." Akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani kwa kalamu nene: KUTAMBUA HITAJI. Wakanipigia makofi ya mvua, kitu ambacho kwa hali niliyokuwa nayo hakikunisaidia hata kidogo. Mama alisema, "Nenda, mwanangu," kisha akajisahihisha, "nenda, mwanafunzi." Nikakimbia.

Niliporudi, karatasi ya mama ilikuwa imegongwa muhuri. Sijui mpaka leo kama ulitoka kwa sababu ya mbinu au kwa sababu ya andazi. Walimu waliobaki wakanipokezana, kila mmoja na makundi yake, na kwa kila mmoja nikaomba kwenda chooni. Kufikia mchana mwezeshaji alikuwa anagonga muhuri kabla sijafika mlangoni. Kabla ya saa tisa gari la mradi lilikuwa limeshaondoka, na maandazi yamebaki yote. Mwalimu wa Kirando akayafunga kwenye sweta la pili.

Karibu na nyumbani mama akanishika mkono, mimi mtu mzima wa kidato cha pili, na sikuuondoa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

Jumanne asubuhi nilikwenda bombani na ndoo mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mbele, ndoo yake ndiyo inayofuata. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia kwa sauti ndogo. Mtoto wake mwenye mafua alikuwa anaruka kamba.

"Eti mama yako amefuzu?" jirani aliniuliza.

"Amefuzu."

"Wamempa na karatasi?"

"Imegongwa muhuri."

"Wa serikali?"

"Wa serikali."

Alitafakari. Kisha akainama, akavuta ndoo yake pembeni, na wengine nyuma yake wakavuta za kwao, mmoja mmoja, mpaka bomba likabaki peke yake mbele yangu. Nilitaka kuwaeleza. Neno lilikuwa limefika mdomoni kabisa, shirikishi, nikafikiria litakavyosikika likitoka. Nikaweka ndoo ya kwanza chini ya bomba, ikajaa, nikaweka ya pili.