Mtani Mlangoni kwa Kaka

Kibaha nzima wanaojenga wananijua. Ukipita mtaa wa Picha ya Ndege ukaona nyumba imesimama haina ufa, uliza tofali zake zilitoka kwa nani. Niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kufyatua tofali za watu kwa mikono. Leo mashine ni zangu, lori ni langu, na wahandisi wenye vyeti wananipigia simu kuniuliza mchanga upi unafaa. Nasema haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kushangazwa ovyo. Lakini yule dada wa ustawi wa jamii alinishangaza, na sijamaliza kushangaa mpaka leo.

Mara ya kwanza alikuja kiwandani kumwombea kazi mtu aliyekuwa ametoka kuugua akili. Viatu vyake vilijaa vumbi la Mkuza, maana huko huzunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu kuwaangalia wagonjwa wa namna hiyo. Nilimkatalia. Akarudi. Nikamkatalia tena, akarudi, akaketi juu ya tofali zangu akinisimulia vituko vya mtu wake mpaka nikacheka nikakubali. Sasa hakuna anayepanga tofali kama yule bwana, na wenzangu wenye viwanda wananionea wivu.

Basi nikamweleza habari za kaka yangu.

Kaka ni mkubwa wangu, yuko kijijini kwetu Kisarawe. Alikuwa mkwezi wa minazi, mwenye mdomo kuliko watu wote. Kisha akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Hospitali wakampa dawa, akapata nafuu, akaziacha. Mwisho alijifungia kwenye kibanda cha udongo alichotuachia marehemu baba, akanyamaza kabisa. Mama alimwekea chakula mlangoni. Nilikuwa nimejenga uani hapo hapo nyumba ya vigae, chumba chake kina feni, hakutaka hata kukiona. Na ukuta wa kibanda ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini. Kuta nazijua. Ule usingevuka masika. Tulipojaribu kumtoa kwa nguvu aliikumbatia nguzo ya katikati, tukaogopa paa lisije likatufunika sote.

Nilitegemea yule dada aniulize ugonjwa ulianzaje. Aliuliza watani wetu ni akina nani.

Nikamwambia sisi ni Wazaramo, watani wetu ni Wanyamwezi, na pale kijijini yupo mmoja, mzee fundi baiskeli. Huyo alizoea kupita uani kila asubuhi akimtukana kaka, kaka anamtukana yeye, wanacheka mpaka machozi. Kaka alipougua nikatangaza kwamba mgonjwa wangu hataniwi. Wakanitii wote, maana kijijini nikisema nasikilizwa. Tangu hapo waliopita karibu na kibanda walishusha sauti kama wanapita penye msiba.

"Hata msibani watani huwa hatunyamazi," yule dada akasema. Kumbe na yeye alikuwa Mnyamwezi.

Kisarawe si eneo lake la kazi, kwa hiyo alimpigia kwanza mwenzake wa kule, wakaelewana. Jumapili, siku yake ya kupumzika, akapanda gari langu. Tulipofika alimwamkia mama, akakataa kiti, akaenda kukaa chini karibu na mlango wa kibanda. Akavuta ungo wa mihogo ya mama, akaanza kumenya.

"Nasikia humu anaishi Mzaramo," akasema kwa sauti. "Siamini. Mzaramo gani anakaa ndani kimya? Labda ngoma zimekwisha Kisarawe nzima."

Mama alinitazama kana kwamba nimemletea mtu wa kumdhihaki mwanawe, nami nilikuwa nimeshapiga hatua kwenda kumzuia.

"Au amekufa," akaendelea, "na ndugu zake kwa uchoyo hawakutuita watani tukale pilau."

Ndani kitu kikajikokota. Kisha ikatoka sauti kavu iliyokwaruza.

"Mnyamwezi anamenya mihogo ya watu. Kwao michembe ya viazi imeisha."

Mama akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Waliendelea hivyo mpaka ungo ukaisha, ila kaka hakutoka. Njiani nikamuuliza yule dada hiyo ni dawa gani. Akasema si dawa. Dawa atakuja nazo muuguzi, na kaka atazihitaji sana. Utani unamrudishia watu tu, ili akiambiwa jambo awe na wa kumjibu. Akanitaka niondoe marufuku yangu. Nikaenda mwenyewe kwa yule mzee fundi baiskeli. Alinisimamisha juani akikaza spoku zake bila haraka.

"Tajiri wa udongo," akasema, "umekuja kuniomba nimtukane kaka yako?"

Nikasema ndiyo, mzee wangu, tafadhali.

Matusi yakarudi uani kila asubuhi. Yule dada naye alirudi Jumapili baada ya Jumapili, mpaka kaka akakubali kupokea vidonge kutoka kwa muuguzi, mkono tu ukitokeza mlangoni. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na ufa ulipitisha ngumi.

"Ukuta huu utakuua, mtani," yule dada akamwambia kaka. "Hili silitanii."

Vidole vya kaka vikatokeza kwenye ufa, vikapapasa kingo zake.

"Nitatoka," akasema. "Ila godoro langu libebwe na mpagazi. Si nyinyi mliobeba mizigo toka Tabora mpaka pwani?"

Ofisa wa serikali yule akakunja khanga, akafanya kata, akajitwika lile godoro kuukuu kichwani. Nyuma yake akatoka kaka yangu, ndevu kifuani, akifinya macho kwa jua.

"Nyoosha shingo, mpagazi. Lisiguse vumbi."

"Godoro lenyewe linanuka Mzaramo," akajibu.

Sisemi alipona. Anameza dawa mpaka leo, na zipo siku sauti zinamrudia. Lakini siku ile nilimwona akiuvuka uwanja kwa miguu yake, mama akilia kwa kicheko, nami nikakimbilia kushika upande mmoja wa godoro, maana mimi ndiye mwenye nguvu pale nyumbani. Kaka akaniwekea kiganja kifuani.

"Wewe si mtani," akasema. "Kaa pembeni."

Nikakaa pembeni, nikawatazama wakiingia ndani.