Kalunguyeye wa Fundi Nestory

Fundi Nestory wa Mabatini ni mchelewaji tangu nimfahamu, na nina miaka kumi na saba nikiuza vifungo na zipu kibanda cha jirani. Ukimpelekea suruali anakwambia njoo kesho, na kesho hiyo utaisubiri mpaka kiuno kibadilike. Zamani alau alikuwa na haya. Chesi ndiyo iliyomharibu.

Venant, muuza spea wa ng'ambo ya barabara, alimfundisha ufunguzi uitwao kalunguyeye, kama yule mnyama mdogo wa miiba. Hukimbilii katikati ya ubao. Askari unawasogeza hatua moja moja, wakubwa unawapanga nyuma yao, kisha unatulia. Mwenzako anajaza nafasi yote, anajiona bwana mkubwa, mpaka anajisahau. Hapo unampasua.

Nestory aliipenda sehemu ya kutulia. Hatimaye alikuwa amepata elimu ya kutetea uvivu wake. Mteja akifoka, anajibiwa kwa upole: "Mama, nguo yako ipo kwenye maandalizi. Usilazimishe mchezo."

Mwezi wa sita binti yake Selina akapangiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Akakataa gauni la kukodi. "Baba, nitavaa utakalonishonea wewe," alisema, na Nestory akafuta machozi mbele yetu. Kitambaa alikipata wiki sita kabla. Akapima, akakata. Mikono akaipiga pasi, kola akaitundika, shanga akazitenga kwenye visahani kwa rangi zake. Halafu akaketi na Venant kucheza.

"Fundi, gauni vipi?" nilimuuliza zikiwa zimebaki siku nne.

"Kila kipande kipo mahali pake, Malimi."

"Umeunganisha kipi na kipi?"

Venant ndiye aliyejibu, tena kwa ukali. "Kaka, kalunguyeye hajalala. Anavizia. Siku ya kupasua ikikupita, unabanwa hapo hapo ulipojipanga."

Nestory akasogeza askari hatua moja. Nilitamani kuupindua ule ubao, na mpaka leo najuta kwamba sikuupindua.

Jumamosi, katika ukumbi wa Buhongwa, Selina aliingia na gauni la bluu lililomkaa sawasawa. Alilishona Rebeka, fundi mwenye cherehani moja mbovu, kwa siku mbili, baada ya binti kumwendea akilia. Nestory alipiga makofi kama sisi wageni.

Ikafika keki. Wazazi ndio hulishwa kwanza, kila mtu anajua. Selina akachukua kipande, akampita baba yake, akamlisha Rebeka. Kisha akarudi, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nestory alikuwa analia waziwazi, na mimi nilimhurumia pamoja na hasira zangu zote. "Gauni lako... kila kitu kipo tayari, mwanangu. Bado kushona tu."

"Najua, baba," Selina alisema, akamlisha keki. "Likiisha, mpe mdogo wangu Jasmin."

Jasmin yuko darasa la tatu.