Moto Usiozimwa kwa Ajili ya Wageni

Kiwandani walimwita Mama Moto, na jina hilo alilipenda. Miaka ishirini na sita alichochea kuni chini ya sufuria za sabuni, kubwa kama vyumba. Kipimajoto hakukitaka. Aliitemea sufuria mate ubavuni, akasikiliza mlio wake, akajua. Wapo waliomcheka wakajaribu wao. Sabuni yao ilibabua watu.

Mwaka wa ishirini na sita bosi akaweka sola. Paneli alizipanga juu ya ofisi, upande wa barabarani, zinang'aa kama meno ya bandia. Ziliwasha taa na feni yake, basi. Kuni ziliendelea kuingia kwa mlango wa nyuma.

"Bosi, na huku kwetu je?" Mama Moto akauliza.

"Huku nani anakuja? Wanunuzi wametaka jua, nimewapa jua. Ning'oe mitambo yote kwa ajili ya maneno yao? Mimi nauza sabuni, siuzi hewa."

Wanunuzi wakaja kukagua. Sufuria zilikuwa katikati ya kuchemka, bosi akatokea mbio, tai ya shingoni imemrukia begani.

"Mama, zima! Wako getini. Moshi usionekane!"

"Sizimi. Nikikata moto sasa, mafuta yatapanda juu, magadi yabaki chini. Mtu ataoga achubuke mgongo."

"Tutachemsha tena kesho."

"Mara iliyopita ulisema hivyo hivyo, ukaikata sabuni mbichi vipande ukauza."

"Nani bosi hapa?"

"Wewe. Ndoo ya maji ile pale, zima mwenyewe."

Bosi akaiangalia ndoo, akaiangalia suti yake. Akaibeba. Mama Moto akasimama mbele ya mdomo wa tanuri, chuma cha kuchochea mkononi.

"Anza kunimwagia mimi."

Wageni nao walikuwa wameufuata moshi, wakachungulia. Mwanamke mmoja mwenye miwani akauliza, "Huu moto wa nini?"

"Tunachoma takataka," bosi akajibu, ndoo bado mkononi.

"Takataka?" Mama Moto akageuka. "Dada, hii ndiyo sabuni yenyewe unayoinunua. Ile sola ni ya feni yake."

Bosi akalipuka: "Toka! Huna kazi tena!"

"Nifukuze jioni. Sabuni haijaiva."

Akawapa wote mgongo, akaongeza gogo. Saa kumi akatema mate ubavuni mwa sufuria, akasikiliza. Imeiva. Ndipo akavua aproni, akaining'iniza kwenye mshikio wa ile ndoo ya bosi, na kile chuma akaondoka nacho. Kilikuwa chake.