Sarafu Nane na Tupa za Shemeji

Shemeji yangu alizikusanya tupa zake zote za kuchongea funguo, akazimwaga miguuni pangu mbele ya watu, akasema, "Tafuta dhahabu yako humo."

Nikainama, nikatafuta.

Mzee mzima mimi, kichwa kimejaa mvi, nimepiga magoti barabarani napangusa tupa kwa kidole natafuta vumbi la njano.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Jina nililobandikwa ni Mguu Njia, na sikulikataa. Nimeuza mitumba, nimepaka rangi meli, nimelinda maghala ya watu. Shule niliionja tu, darasa hili huku, darasa lile kule, kama anayeonja mchuzi kwenye jiko la wenyewe.

Lakini jambo moja nililijua: pesa ya karatasi haimpendi msafiri. Ukivuka mpaka tu, inageuka takataka.

Kwa hiyo nikipata ziada nilinunua sarafu ya dhahabu. Si zile mpya zinazolala kwenye vikasha. Zile kuukuu, zilizopita mikono ya watu mpaka mfalme aliyechorwa juu amechoka sura. Za namna hiyo hulipii urembo. Unalipia uzito wa dhahabu na kidogo cha muuzaji. Siku ya kuuza, mnunuzi anaziweka kwenye mizani, anaangalia bei ya siku, mnamalizana.

Nilikuwa nazo nane. Nilizitia kwenye mfuko wa ngozi kiunoni, miaka nenda miaka rudi. Mle mle nilitia na funguo zangu, maana kila chumba nilichopanga nikakihama, ufunguo niliondoka nao. Wenye nyumba wamenilaani sana.

Nikitembea, mfuko unaimba. Kacha, kacha, kacha.

Niliupenda mlio ule jamani. Nikikaa na wenye vyao nautikisa makusudi, wajue mimi si wa kuonewa huruma.

Ufunguo mmoja ulikuwa na heshima yake. Wa chuma, mzito, alinichongea shemeji, mume wa mdogo wangu. Yeye ni fundi funguo, ana kibanda cha bati kwenye kona, jirani na saluni. Siku ananipa, aliuweka kiganjani mwangu akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Huu ni wa kwetu, shemeji. Ukija saa yoyote, usibishe hodi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Basi, miguu ikachoka. Nikafika kwao nikawaambia safari hii nauza sarafu, ninunue chumba kimoja changu, nife nikiwa na mlango. Kabla sijauza, homa ikaniangusha. Nikalazwa. Mfuko nikamkabidhi shemeji, akaufungia kwenye sanduku lake la vifaa.

Nilipopata nafuu nikauchukua mfuko wangu, nikaenda kwa mnunuzi mmoja, tumwite Bwana Mizani. Akazipima moja moja, uso unazidi kukunjamana.

"Mzee, hizi zimepungua."

"Zimepunguaje? Nilizinunua kwa mizani, uzito wake naujua."

"Zimeliwa. Kuna watu huzipiga tupa, wanakinga vumbi, kisha wanakurudishia sarafu unacheka nayo. Zilikuwa kwa nani?"

Neno tupa likanichoma kama kaa la moto. Nani ninayemjua mwenye tupa? Nani anakula na unga wa chuma kwenye kucha?

Sikuuza. Nikashika njia mpaka kibandani.

Nilikuta wateja. Mama wa saluni alikuwa ameleta ufunguo wa nyumba yake achongewe wa pili. Mdogo wangu naye alikuwepo, amemletea mumewe chakula.

"Mwizi wewe!" nikaanza. "Nimekuachia mali niko kitandani nakufa, wewe unaikwangua!"

"Shemeji, punguza sauti. Tuingie ndani tuongee."

"Niingie ndani unikwangue na mimi?"

Watu wakacheka. Na mimi, mjinga, kile kicheko kikanipandisha mori.

"Kaka," mdogo wangu akanishika mkono, "umemuuliza lakini? Hata kumuuliza tu?"

"Wewe nyamaza. Unalala na mwizi hujui."

Hapo ndipo shemeji alipomwaga tupa.

Nilitafuta. Chuma kitupu. Badala ya kuona haya nikasimama, nikajipangusa magoti, nikasema, "Mwizi mwenye akili hafichi pale anapofanyia kazi."

Mama wa saluni akanyoosha mkono taratibu. "Fundi, nirudishie tu ule ufunguo wangu. Nitapita kesho."

Shemeji akampa. Mwingine naye akaomba wake. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa na adabu zao, na adabu ile ilimkata kuliko matusi, nilimwona. Fundi funguo hana mtaji zaidi ya jina. Nani atamwachia mwizi ufunguo wa nyumba yake?

Nikaenda kulala gesti, nimenuna kama niliyeonewa.

Kesho yake nikazipeleka sarafu kwa sonara mmoja, mwanamke wa makamo, mdomo hauna breki. Akapima, akatia lenzi jichoni.

"Nani kakwambia tupa?"

"Mnunuzi mmoja."

"Alitaka akutishe, umuuzie kwa bei ya kutupa. Tupa inauma ukingo, inaacha mistari. Hapa hamna. Zilizolika ni pua na ndevu za mfalme. Hizi zimesuguana na kitu, tena muda mrefu. Unaziweka wapi, babu?"

Nikaweka mfuko mezani. Kacha, kacha.

Akanitazama. Akaumimina. Funguo zikatapakaa juu ya meza.

"Babu! Unafuga fisi na mbuzi zizi moja?"

Akauchagua ule wa chuma, akauangalia kwa lenzi, kisha akanipa nami niangalie.

Kwenye meno ya ufunguo, kila pengo, palikuwa na mstari wa njano. Dhahabu yangu, imeganda kwenye chuma. Akaugeuza mfuko ndani nje juu ya karatasi nyeupe, akaukung'uta. Vumbi likameta.

"Mwizi wako huyu hapa," akasema. "Umemvaa kiunoni mwenyewe. Na alichokula, babu, hata godoro hununui."

Nyani haoni kundule. Miaka yote ile nilikuwa nikitikisa mfuko watu wajue ninazo, na kila nikitikisa zinapungua.

Sarafu nikamwachia kwa bei ya siku. Ufunguo nikaushika mkononi, nikarudi kibandani.

Shemeji alikuwa peke yake. Hana mteja. Tupa zimepangwa, safi, kuanzia ndogo mpaka kubwa.

Nikasimama palepale. Nikatoa sauti ileile.

"Jamani, sikilizeni! Jana nimemwita huyu mwizi. Hakuiba! Sarafu zimeliwa na funguo zangu, kwenye mfuko wangu. Mwongo ni mimi!"

Pazia la saluni likafunuka kidogo, likafungwa.

Shemeji akaningoja nimalize. Akauchukua ufunguo, akauelekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye yale meno.

"Dhahabu kweli," akasema. Akanirudishia. "Lakini haufungui tena. Kitasa nimekibadilisha jana."

"Ulikibadilisha?"

"Mke wangu alinikataza. Nikakibadilisha mwenyewe."

Nikaufumba ufunguo kiganjani.

"Nimekusamehe, shemeji. Sina kinyongo na wewe, wallahi. Ila ukija kwetu, bisha hodi."

Siku hizi nina chumba changu. Kitasa alikifunga yeye, akanikarimu kama mteja mwema. Mama wa saluni bado anachongesha funguo zake mtaa wa pili. Alisikia kelele zangu zote mbili, lakini ya kwanza ndiyo iliyomkaa.

Juzi nilikwenda kwao. Nikabisha. Nikasikia kitasa kikizungushwa mara mbili ndipo mlango ukafunguliwa. Wakanikaribisha vizuri, wakanipa kiti kama mgeni.

Wewe unayenunua dhahabu kuukuu, kila sarafu ivishe kitambaa chake. Na kabla hujamwita mtu mwizi, mimina mfuko wako mwenyewe kwanza. Sarafu ikilika, hasara yake sonara ataipima. Jina la mtu ukilikwangua, sijaona bado mizani yake.